Nyumba na njia ni uamuzi mmoja: modeli za makazi na safari tukizitazama toka Baraka



Hivi karibuni mdogo wangu mmoja anayeandika TFC yake aliniuliza: « Yaya, hii modeli ya uchaguzi wa makazi ni kitu gani? Nimeambiwa niitumie kwa Baraka. Lakini mimi naona kwetu watu hawachagui. Wanaishi tu mahali walipojikuta. » Nilimjibu kwa ujumbe mrefu wa WhatsApp, na kwa kuwa swali lake wengi wanalo, leo nalijibu hapa kwa utulivu.

Kijana huyu amesema jambo moja la kweli na jambo moja lisilo kweli. Si kweli kwamba watu hawachagui. Baba anayeacha parsele ya babu yake kule mlimani na kupanga chumba kimoja mjini ili watoto wasome, amechagua. Mama anayeamua kutembea na kuacha pikipiki ili abaki na franka za chumvi, amechagua. Lakini ni kweli kwamba wamechagua kati ya vitu vichache sana, na vingine vilifungwa kabla wao hawajafikiri. Hapo ndipo modeli nyingi zinazotoka mbali zinapotudanganya, na hapo ndipo nataka tukae leo.

Kwa nini tujali? Kwa sababu kila anayeamua kisima kichimbwe wapi, soko lihamie wapi, kituo cha afya kijengwe upande gani wa mto, ana modeli. Nyingine imeandikwa kwa hesabu, nyingine iko kichwani mwa mkubwa fulani ndani ya gari lenye vioo vimefungwa. Ile iliyoandikwa ina uzuri mmoja: unaweza kuisoma na kuipinga.

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1826 Mjerumani mmoja mwenye mashamba, Johann Heinrich von Thünen, aliandika kitabu akifikiria mji mmoja katikati ya uwanda, bila mto wala mlima. Akauliza: nani atalima nini, na umbali gani? Akaona kwamba vitu vinavyoharibika haraka au vizito kubeba vitazunguka mji kwa karibu, na vile vinavyovumilia safari vitakwenda mbali. Sisi hatuhitaji Ujerumani kuliona hilo. Lengalenga unazikuta karibu na mji, maana jioni zimeshanyauka. Muhogo unavumilia, unalowekwa, unakaushwa, unashuka toka mlimani ukiwa umeshapungua uzito.

Mwaka 1964 William Alonso, huko Marekani, alichukua wazo hilo akalihamishia kwenye nyumba za watu. Alisema familia inapima vitu viwili kwenye mizani moja: bei ya kiwanja na gharama ya kufika kazini. Karibu na katikati kiwanja ni ghali lakini safari ni fupi, na ukienda mbali mambo yanageuka. Kwa hiyo ukimuuliza mtu « unakaa wapi? » umemuuliza pia « unatembeaje? » Hayo ni maswali mawili yenye jibu moja. Hili tafadhali lishikeni, maana huku kwetu wanafunzi wengi huandika sura ya makazi peke yake, halafu sura ya usafiri peke yake, kana kwamba mtu huacha miguu yake nyumbani.

Ila modeli ya Alonso ina familia moja yenye mfanyakazi mmoja, na kazi zote ziko katikati ya mji. Sasa chukueni familia ya Baraka. Baba ni mvuvi, anaingia ziwani usiku na taa kutafuta ndagala, anarudi asubuhi. Mama ana shamba la muhogo upande wa milima. Mtoto mkubwa yuko sekondari, wadogo wako msingi, na shangazi anauza sokoni. Katikati ya familia hiyo ni wapi? Kila mtu ana katikati yake. Nyumba inawekwa mahali ambapo maumivu ya wote, yakijumlishwa, yanavumilika. Na mara nyingi, tuseme ukweli bila aibu, maumivu ya mama yanahesabiwa kwa bei ya chini kuliko ya wengine. Modeli inayochukua « mkuu wa familia » na kumuuliza yeye peke yake itapata jibu la baba, na saa za mama barabarani hazitaonekana popote.

Hatua kubwa ilikuja na Daniel McFadden, mwanauchumi wa Marekani aliyepata tuzo ya Nobel mwaka 2000. Yeye aliacha kuuliza « ni umbali gani? » akauliza « kati ya vitu hivi vitatu, kila kimoja kina nafasi gani ya kuchaguliwa? » Nyumba huwezi kuchagua nusu, na safari huwezi kupanda robo ya pikipiki. Unachukua moja, unaacha nyingine. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, kabla treni ya BART haijaanza kazi San Francisco, McFadden na wenzake walikokotoa ni watu wangapi wataipanda kwenda kazini. Makadirio rasmi yalisema asilimia 15. Wao walisema 6.3. Treni ilipoanza, ikawa 6.2. Tangu hapo njia yake, inayoitwa logiti, imeingia kila mahali.

Hesabu yake si ngumu, tuifanye hapa hapa. Namba nitakazotumia nimezitunga kwa ajili ya mfano tu, msizinukuu kwenye TFC!

Tuseme familia ile ya mvuvi inaweza kukaa sehemu tatu: kartiye ya katikati karibu na barabara kuu, ufukweni, au mlimani karibu na shamba. Kila sehemu tunaipa alama. Huduma (shule, maji, soko, daktari) zinaongeza alama. Kila saa moja ya safari kwa siku, ukijumlisha watu wote wa nyumba, inaondoa alama moja. Kodi nayo inaondoa. Katikati: huduma 5, safari zinaondoa 2, kodi inaondoa 1, zinabaki 2. Ufukweni: huduma 4, safari zinaondoa 3 kwa sababu mama yuko mbali na shamba, kodi hakuna maana wanakaa kwa ndugu, inabaki 1. Mlimani: huduma 2, safari zinaondoa 2, kodi hakuna, inabaki 0.

Sasa logiti haisemi « watakaa katikati, basi ». Inachukua ile namba ya hesabu inayoitwa e, yaani 2.718, inaipandisha kwa alama za kila sehemu. Katikati tunapata 7.39, ufukweni 2.72, mlimani 1. Jumla 11.11. Gawanya kila moja kwa jumla: katikati karibu asilimia 67, ufukweni 24, mlimani 9. Maana yake, kama kuna familia mia zinazofanana na hii, 67 tutazikuta katikati, 24 ufukweni na 9 mlimani. Kwa nini si mia zote katikati? Kwa sababu kila nyumba ina mambo ambayo mtafiti hayaoni: mama mkwe, deni, ugomvi wa mpaka, kaburi la mtoto. Logiti inaacha nafasi kwa hayo yasiyoonekana, na mimi ndiyo maana naipenda.

Sasa tufunge mlango mmoja. Kupanga nyumba katikati kunataka garanti ya miezi kadhaa, taslimu. Familia yetu haina. Kwao kartiye ya katikati haina alama 2. Haiko kwenye orodha kabisa. Zinabaki ufukweni na mlimani: 2.72 na 1, jumla 3.72. Ufukweni asilimia 73, mlimani 27.

Fikirini mtafiti anayekuja na tablet yake, anakuta watu wamejaa ufukweni, na hajui habari za garanti. Anaweka kwenye programu sehemu zote tatu kama vile zote zilikuwa wazi. Kompyuta itatafuta sababu kwa nini watu wameacha kartiye nzuri yenye alama 2 na kwenda penye alama 1, na itaipata: « wakazi wa Baraka wanathamini sana kuwa karibu na maji. » Ripoti itaandikwa hivyo. Mkubwa ataisoma, atasema basi tuwapelekee mabomba na shule huko huko wanakopenda. Na ziwa halisomi ripoti. Mwaka 2020 na 2021, na tena 2024, maji ya Tanganyika yalipanda, nyumba na barabara za ufukweni zikaingia maji, toka Bujumbura na Uvira mpaka Kalemie. Watu hawakuwa wanapenda maji kiasi kile. Walikuwa wamekosa garanti.

Hili ndilo jambo langu la leo, na mengine yote naona yanalizunguka. Kabla ya kuuliza watu wanapenda nini, uliza milango gani ilikuwa wazi siku walipoamua.

Kwetu milango inafungwa na vitu ambavyo vitabu vya San Francisco havina. Cha kwanza ni barabara yenyewe. Barabara ya kitaifa namba 5 inatoka Bukavu, inapita Uvira, inafuata ziwa mpaka Baraka, inapanda Fizi centre na kuendelea Lulimba kuelekea Kalemie na Lubumbashi. Kwenye ramani ni mstari mmoja mzuri mwekundu. Ardhini kuna mito inayokatiza, na mvua ikinyesha usiku milimani, asubuhi daraja linaweza kuwa halipo. Kwa hiyo umbali wa Baraka na Uvira si kilomita. Wakati wa kiangazi ni saa kadhaa, wakati wa mvua unaweza kuwa siku, na siku nyingine jibu ni « haiwezekani ». Modeli inayoandika kilomita 90 hivi na kuishia hapo imeandika namba isiyotumika.

Kingine ni nani yuko njiani. Mwaka 2017 watafiti wa IPIS ya Ubelgiji na DIIS ya Denmark walihesabu barieri 798 katika Kivu Kaskazini na Kivu Kusini. Barieri ni bei ya safari, sawa na mafuta ya pikipiki, tofauti ni kwamba bei yake haijulikani mpaka ufike. Na kuna njia ambazo bei yake haihesabiwi kwa franka. Mama anayejua kwamba njia ya shamba ina watu wenye silaha hapunguzi alama moja wala mbili. Anaifuta njia, au anangoja wenzake waende kundi, na siku kundi halipo shamba linalala. Ukimuuliza kwa nini halimi tena hekta ya juu, usishangae akikuambia tu « nimechoka ». Hataki kukueleza, wewe mgeni na kalamu yako.

Ardhi nayo ina mlango wake. Huko vijijini parsele haipatikani kwa alama wala kwa bei peke yake. Inapatikana kwa ukoo, kwa wazee wa lubunga, kwa chifu, kwa kuoa, kwa kukumbukwa. Familia mbili zenye pesa sawa hazina orodha sawa ya mahali pa kukaa, na katika Fizi yetu yenye makabila kadhaa na historia ngumu, sote tunajua kuna vijiji ambavyo fulani hawezi kuviweka kwenye orodha yake hata akipewa bure. Sitaendelea hapo, mnanielewa.

Lakini mfano mkubwa kuliko yote ni kurudi toka Tanzania. Baada ya vita vya 1996 na vile vya 1998, watu wetu kwa maelfu walivuka ziwa wakakaa Nyarugusu, Lugufu na kambi nyingine za Kigoma. Kuanzia 2005 HCR ilianza kuwarudisha kwa meli toka Kigoma, na Baraka ikawa mlango wao wa kuingilia. Karatasi iliuliza kila familia kijiji cha asili. Hiyo ilikuwa modeli, ingawa hakuna aliyeiita hivyo: ilidhani mtu anarudi alikotoka, kama jiwe lililorushwa juu. Wengi hawakufanya hivyo. Walishuka Baraka wakabaki Baraka, au walikwenda kijijini wakaona hakuna shule wala daktari, wakarudi. Watoto wao walikuwa wamezaliwa kambini, mahali penye shule karibu na mstari wa maji. Hawakuwahi kuamka saa kumi usiku kwenda shamba. Kuwaambia kijiji cha babu yao ndiyo nyumbani ilikuwa kuwapa sehemu ambayo hawakuwa na alama yoyote nayo.

Na wengi waligawa nyumba. Huyu mtoto abaki Nyarugusu kwa sababu ya shule, baba atangulie kuangalia kiwanja, bibi afike mlimani kulinda shamba lisichukuliwe, mama akae katikati Baraka na wadogo. Hiyo ni familia moja katika sehemu nne, na nchi mbili. Modeli karibu zote zinahesabu familia moja, nyumba moja. Hata leo, bila kambi, ukienda kartiye nyingi za Baraka utakuta chumba cha « wanafunzi » ambapo ndugu watatu wanapika wenyewe, na wazazi wako Lulenge, Ngandja au upande wa Ubwari. Niliwahi kumuuliza mama mmoja anayeuza ndagala anakaa kartiye gani. Alicheka. « Papa, uniulize nalala wapi wakati wa shule, na nalala wapi wakati wa kulima. » Mama huyo hakuwahi kusoma takwimu, na swali lake ni bora kuliko nusu ya madodoso niliyoona.

Turudi kidogo kwenye hesabu, maana kuna sehemu moja tamu sijaieleza, nayo ndiyo inayofunga nyumba na njia pamoja. Tuseme toka kule mlimani unaweza kushuka mjini kwa miguu tu, na safari hiyo ina alama 1. Kisha njia inatengenezwa, pikipiki zinaanza kufika, nazo zina alama 1 pia, kwa sababu ni haraka lakini zinakula pesa. Je, sehemu imebaki na thamani ile ile, kwa kuwa chaguo jipya si bora kuliko la zamani? Logiti inasema hapana. Unajumlisha zile e (2.72 na 2.72 ni 5.44), unachukua logi yake, unapata 1.69. Sehemu imeongezeka thamani kwa 0.69 kwa kuwa na njia ya pili tu. Mnaona maana yake? Hata kama wewe hupandi pikipiki kila siku, kujua kwamba ipo usiku ambao mke wako ameshikwa na uchungu ni sehemu ya bei ya nyumba yako. Na daraja likibomoka, kuta zako hazijaguswa, bati ni lile lile, lakini nyumba imepungua thamani asubuhi hiyo.

Hesabu hiyo hiyo ina mtego maarufu, huko Ulaya na Marekani wanaufundisha kwa mabasi mekundu na ya buluu. Mimi naufundisha kwa pikipiki. Tuseme watu nusu wanatembea na nusu wanapanda TVS. Halafu Boxer zinaingia mjini, bei ile ile, mwendo ule ule. Ukiziweka kwenye logiti kama chaguo la tatu, itakuambia theluthi watatembea, theluthi TVS, theluthi Boxer. Upuuzi! Hakuna mtu aliyeacha kutembea kwa sababu ya jina lililoandikwa kwenye tangi. Watembeao watabaki nusu, na wenye pikipiki watagawana nusu yao. Ndiyo maana wataalamu wanaweka machaguo yanayofanana ndani ya kiota kimoja: kwanza unaamua kutembea au kupanda, kisha ndani ya kupanda unaamua kipi. Kwetu ningeongeza kiota cha ziwa, maana boti la mbao lenye moteri kwenda Uvira au Kalemie ni jambo jingine kabisa na barabara, lina hofu zake na uhuru wake. Upepo ukivuma unafuta boti zote kwa pamoja, na barieri ya barabarani haina mamlaka juu ya maji.

Kuna mzunguko pia ambao lazima muuone. Barabara ikitengenezwa, parsele za kando yake zinapanda bei. Mwenye nayo anauza au anaongeza kodi. Mpangaji maskini anasogea nyuma, mbali zaidi, na sasa anatembea zaidi kuliko kabla barabara haijatengenezwa. Ukipima mwendo wa magari utasema mradi umefaulu. Ukipima saa za yule mpangaji utasema neno lingine. Modeli ya safari peke yake haiwezi kuona hilo, kwa sababu inadhani watu wamesimama mahali pao wakingoja barabara. Mwaka 1964 Ira Lowry alijaribu kuunganisha makazi na safari kwa mji wa Pittsburgh. Baadaye Paul Waddell akatengeneza UrbanSim, programu ambamo kila familia inahesabiwa peke yake, inahama, inapanga, inafukuzwa na bei, mwaka baada ya mwaka.

UrbanSim inataka kujua kila nyumba na kila kazi. Sisi sensa yetu ya mwisho ya nchi nzima ilikuwa 1984. Wengi wenu mnaosoma hapa hamkuwa mmezaliwa, na Baraka ya mwaka huo haifanani na ya leo hata kidogo. Katikati kulikuwa na vita, kambi, kurudi, na tangu 2015 kambi ya Lusenda ya ndugu zetu wa Burundi, kisha Mulongwe, ambako familia iliwekwa, haikuchagua. Kwa hiyo anayekuja kuwaambia « tumeweka UrbanSim ya Baraka » mwulizeni kwa upole familia zake kazitoa wapi.

Lakini ukosefu wa sensa si sababu ya kukunja mikono. Nairobi, matatu zilikuwa hazina ramani wala ratiba. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, pamoja na watafiti wa MIT na Columbia, walipanda matatu wakiwa na simu zao, wakaandika kila kituo, na mwaka 2014 ramani ya Digital Matatus ikatoka. Mwaka uliofuata njia zile zikaingia kwenye Google Maps. Simu wanazo hata wanafunzi wetu. Fizi hakuna aliyechora pikipiki zinaishia wapi siku ya mvua na siku ya jua, boti zinatia nanga wapi, mama wa shamba wanapita njia gani na saa ngapi.

Kwa huyo mdogo wangu nilimshauri aachane na mji mzima, achukue kartiye mbili tu, moja ya ufukweni na moja ya nyuma, na familia chache anazoweza kurudi kwao mara mbili. Aende kiangazi, arudi wakati wa mvua kubwa. Azungumze na mama na baba kila mmoja peke yake. Aulize kila mtu wa nyumba alilala wapi jana, alikwenda wapi, kwa nini, kwa miguu au kwa nini, alitumia saa ngapi, alilipa nani njiani. Aulize hapa mlifikaje, na kabla ya hapa mlitazama wapi pengine, na nani au nini kiliwazuia. Hili swali la mwisho asiliweke mwishoni mwa dodoso watu wakiwa wamechoka. Aliweke mapema, baada ya salamu na habari za watoto, na asiandike majina ya wenye silaha hata akitajiwa.

Hesabu ataifanya kwa Excel kama familia ni chache. Akitaka zaidi, kuna Biogeme, programu ya bure iliyotengenezwa na Michel Bierlaire wa Lausanne, Uswisi. Inataka Python na subira, na umeme wa saa mbili tatu, ambao jioni anaupata kwa wenye sola karibu na soko. Kwenye jedwali lake kila familia iwe na safu ya sehemu zilizokuwa wazi kwao, 1 au 0, kabla ya safu ya sehemu waliyochukua. Nimemwambia anitumie jedwali la kiangazi kwanza, na lile la mvua tutalijaza pamoja nikishuka Baraka, kama njia itakubali.